Fomu ya Kirit na Uzi wa Hansa

Hansa alikuwa ameshaishika kalamu. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi akisimulia mwenyewe hujifanya alikuwa simba tangu asubuhi. Uongo. Nilikuwa nimeketi mbele yake, na kalamu ilikuwa mkononi, kifuniko chake kimeshafunguliwa.

Mimi ni Rukiyo. Nimefundisha darasa la tatu hapa Garissa miaka ishirini na sita, na tangu nistaafu nauza madera na shuka kwenye baraza ya duka la marehemu Mzee Chagan. Nusu ya mji huu imewahi kusimama mbele yangu ikikariri jedwali la saba, kwa hiyo hata wazee wenye ndevu huniita Mwalimu. Sipendi ujinga, na ujinga wa mtu ninayempenda huniuma zaidi.

Nampenda Hansa. Ni binti wa Mzee Chagan, Mhindi aliyezaliwa katika chumba cha nyuma cha duka hili miaka hamsini na minne iliyopita, na Kisomali chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Duka lenyewe ni la kamba, ndoo, mitungi ya maji, mabomba na turubai, vitu vya wafugaji. Mfugaji akija kutaka kamba, Hansa hamwulizi anataka mita ngapi. Humwuliza, "Kisima gani?" Akitajiwa kisima, hunyoosha mikono na kuipima kamba kwa pima, moja, mbili, tatu, akakata. Visima vya Wajir anavijua kina chake kimoja kimoja, na vya Tarbaj, na hata vingine karibu na Liboi ambavyo hajawahi kuvitia machoni. Sijasikia mtu akirudi kulalamika kwamba ndoo haikufika majini.

Mzee Chagan alifariki mwaka juzi bila kuandika wasia. Aliacha watoto wawili, Hansa na mdogo wake Kirit, ambaye yuko Nairobi tangu alipokwenda kusoma. Aliacha pia kiwanja hiki, chenye duka mbele na nyumba nyuma. Olow, mfanyabiashara wa mifugo, amekitamani siku nyingi ajenge gesti.

Alhamisi ile Hansa alinijia barazani na birika la chai.

"Mwalimu, Kirit anakuja Jumamosi," akasema. "Jumamosi ni siku yetu ya uzi."

Naijua siku hiyo. Kila Agosti dada wa Kihindu humfunga kaka yake uzi mkononi na kumwombea dua, naye kaka humpa zawadi na kuahidi kumlinda. Miaka yote Hansa hutuma uzi kwa basi, na Kirit hutuma bahasha.

"Mashallah," nikasema. "Mbona uso umekukunjamana?"

"Anakuja na fomu. Nitie sahihi kwamba mimi naacha fungu langu, yeye aandikwe peke yake, amuuzie Olow. Halafu nihamie kwake."

Niliweka kikombe chini. "Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sawa. Kwetu ndivyo, abaayo, dada yangu. Binti mwema haombi mali kwa kaka yake. Fungu la binti ni dhahabu ya harusi."

"Harusi ipi? Wewe umeolewa lini, na mimi sikualikwa?"

Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Hakuolewa. Kila posa ilipokuja, duka lilikuwa na kazi nyingi, baba alikuwa na kisukari, mama aliumwa miguu. Dhahabu iliyowekwa kwa ajili yake alivishwa Smita, mke wa Kirit, siku alipoingia katika ukoo.

Hapo hasira zilinipanda, nikamweleza habari ambayo ameshaisikia mara kumi. Baba yangu alipofariki kule Tarbaj, ndugu zangu waligawana ngamia, mimi nikaletewa mbuzi wanne na pole. Ngamia si mali ya mwanamke, waliniambia. Nikawajibu kwamba hayo ni ya mila, siyo ya Kurani. Nikapanda lori hadi Wajir, nikasimama mbele ya Kadhi, naye akanipa fungu langu, nusu ya fungu la kaka. Nikalipokea kichwa juu. Ndugu zangu walininunia mwaka mzima, kisha mmoja akaozesha binti, wakahitaji ngamia wa kukopa, wakakumbuka kwamba wana dada.

"Mimi nilipigania nusu ya fungu la kaka yangu," nikamwambia. "Wewe sheria inakupa sawa na lake, na unataka kurudi na sifuri! Hansa, hata hesabu za darasa la tatu zimekushinda?"

"Hujui," akasema. "Nikidai, nitakuwa nimewakosea wazazi. Dada akigombana na kaka, nani atamfungulia mlango?"

"Mlango upi? Funguo za mlango unazo kiunoni!"

Alichukua birika lake akarudi ndani. Mtu akishasadiki kwamba haki yake ni tabia mbaya, kumshawishi ni kazi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda mahakamani. Katika masjala yuko karani aitwaye Amran, niliyemfundisha kushika penseli. Nilimweleza bila kutaja jina, naye akatabasamu kwa sababu Garissa ni ndogo.

"Mwalimu, sheria ya urithi inasema watoto," akaniambia. "Haisemi wa kiume. Mhindu, Mkristo, wote sawa kwa sawa. Na kama huyo dada hataki kuacha, kaka hawezi kuandikwa peke yake kana kwamba dada hayupo."

"Na huyo kaka akisema kwao India ni tofauti?"

"Kwanza hapa si India. Pili, hata huko walishabadilisha, tangu elfu mbili na tano. Binti ana haki kama mwana."

Nilirudi mbio kama msichana. Nilimkuta Hansa akiviringisha turubai, nikamweleza yote. Mwisho nikasema, "Ungekuwa huna haki, wasingekuomba sahihi. Mtu haombwi kuacha asichokuwa nacho."

Alisimama na ncha ya turubai mkononi. "Nimesikia," akasema. Kusikia si kukubali, na mimi usiku huo nililala nimekasirika.

Jumamosi saa nne Kirit aliwasili. Sitamsema vibaya, si mtu mbaya. Alimkumbatia dada yake, aliniamkia, aliniletea hata pakiti ya tende. Akaketi mezani katikati ya duka, akatoa fomu kwenye faili.

"Mwalimu, tafadhali uwe shahidi," akasema. "Olow anakuja saa sita. Ben, saini hapa na hapa." Ben ndiyo dada kwa lugha yao.

Niliisoma fomu neno kwa neno, kwa sauti, kama ninavyosoma imla. Nilipofika pale inaposemwa kwamba Hansa, binti wa Chagan, anaacha haki yake yote, niliirudia mara mbili. Kirit aliguna. Hansa alichukua kalamu, akaifungua.

Wakati huo aliingia mfugaji mmoja, vumbi hadi kope, akaulizia kamba. Kirit aliinuka haraka, apate kumwacha dada yake na karatasi.

"Mita ngapi, mzee?"

Mfugaji alimtazama kama aliyeulizwa umri wa jua. "Mita sijui. Kisima ya Tarbaj."

Kirit aliitazama kamba, akatutazama sisi. Hansa alicheka, akaitia kalamu sikioni, akaenda kupima. Pima kumi na mbili, akaongeza mbili. "Maji yameshuka mwaka huu," akamwambia yule mzee kwa Kisomali, naye akaitikia kwamba ni kweli, yameshuka. Akarudi kuketi, akaitoa kalamu sikioni, akainama juu ya karatasi. Nikajua basi, yamekwisha.

Kilichomzuia ni Kirit mwenyewe. Alitaka kumtuliza.

"Usijali kitu, Ben," akasema kwa upole. "Chumba chako kiko tayari, kile cha karibu na jiko. Smita hana neno. Ukihitaji chochote unamwomba tu, atakupa."

Hansa aliinua kichwa. Macho yake yalipita juu ya bega la Kirit, yakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni, na mimi nilijua yanatafuta nini. Kando ya jiko lake kuna kopo la bati la samli, la zamani, rangi imebanduka. Lilikuwa la shangazi yao, Manju, dada wa Mzee Chagan.

Shangazi Manju naye alitia sahihi. Baba yao alipokufa, alimwachia kaka yake fungu lake lote katika kiwanja hiki, na ukoo mzima ukamsifu kwa moyo wake. Baadaye akafiwa na mume, akarudi kukaa chumba cha nyuma. Miaka kumi na mmoja aliuza achari kwa majirani apate kununua sukari yake mwenyewe, akaiweka kwenye kopo lile, ili asimwombe wifi yake. Na hata sukari hiyo yake, kila chai, alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Niongeze kijiko?" Nimemsikia kwa masikio yangu. Mwanamke wa miaka sabini, katika nyumba ambayo nusu ilikuwa yake.

Hansa aliifunga kalamu.

"Tufunge uzi kwanza," akasema.

"Ben, Olow yuko njiani."

"Olow ataningoja. Nyoosha mkono."

Alileta sinia dogo lenye taa ya samli, unga mwekundu, punje za mchele na vitamu vya maziwa ya ngamia na iliki alivyopika alfajiri. Alimpaka kaka yake alama kwenye paji la uso, akamlisha kitamu kwa mkono wake. Kisha akamfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mafundo matatu, akinong'ona dua. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Kirit naye macho yalilowa. Kwa desturi ya miaka yote, akatoa bahasha mfukoni.

Hansa aliisukuma kwa kidole.

"Mwaka huu sitaki bahasha. Zawadi ya uzi anachagua dada, si ndiyo?"

"Ndiyo. Sema tu."

"Nataka jina langu kando ya lako. Nusu yako, nusu yangu. Na yangu haiuzwi."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilijizuia kwa taabu.

Kirit akawa mwekundu. "Hii ni kazi ya Mwalimu!"

"Mwalimu alipiga kelele tangu Alhamisi na sikumsikia," Hansa akasema. "Ni kazi yako. Umeniambia nitamwomba Smita. Kirit, nimekubeba mgongoni. Baba nimemwosha miguu mpaka siku ya mwisho. Mimi si wa kuomba sukari."

"Watu wetu watasema nini? Kwamba nimepelekwa kortini na dada yangu?"

"Sikupeleki. Twende pamoja."

Kirit alishika uzi kama anayetaka kuukata. Hakuukata. Kwao uzi huo haukatwi siku ya kufungwa, ni mkosi, na yeye ni mwana wa mama yake pia. Mkono ukabaki hapo, vidole juu ya mafundo.

Ndivyo Olow alivyotukuta. Aliingia na fimbo yake na harufu ya mnada, akatusalimia, akatazama nyuso zetu, kisha fomu isiyo na sahihi.

"Waryaa Kirit, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Dada yangu ana maneno kidogo. Tutamaliza."

"Maneno gani?"

"Nusu ni yangu," Hansa akasema kwa Kisomali, polepole, kila mtu asikie.

Olow alivuta kiti. Mimi nilijitayarisha kumpa vidonge vyake, maana najua jinsi alivyokitaka kile kiwanja. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

"Sikia, kijana," akamwambia Kirit kwa Kiswahili chake cha mnadani, ambacho kila p hugeuka b. "Mimi nataka bloti, sitaki kesi. Ngamia ya chaba mbili, mtu moja hawezi uza. Ukiniuzia, kesho mwenye chaba ya bili anakuja kwa boma yangu. Mimi nasema nini? Habana." Akainuka, akachukua kitamu kimoja kwenye sinia, akatafuna. "Haye. Hii tamu sana, Hansa. Bole kwa mzee." Akaondoka.

Hadi jioni Kirit alizunguka kiwanja, akagusa mlango wa chumba cha nyuma alimozaliwa dada yake. Jumapili alikaa barazani kwangu akamtazama Hansa akihudumia watu, mmoja baada ya mwingine. Kisima gani? Kisima gani? Mara moja alinyoosha mikono yake mwenyewe, akajaribu kupima, akakosea. Sikumcheka. Kweli sikumcheka, ingawa nilitamani.

Jumatatu saa mbili na nusu tulikuwa masjala. Amran alichukua fomu mpya, akauliza kwa sauti ya ofisi, kana kwamba hajui chochote, "Mwombaji ni nani?"

Kirit alikohoa. Uzi ulikuwa bado mkononi. "Ni sisi wawili," akasema. "Mwandike yeye kwanza. Ni mkubwa."

Tulirudi kwa miguu. Kirit alikuwa apande basi la saa nane, na Hansa alikuwa na wateja watatu wanaomngoja, kwa hiyo akamwambia aingie jikoni ajipikie chai. Mimi nilikuwa mlangoni nikipanga madera yangu. Nikamwona amejaza kikombe, amefungua kopo la bati, kijiko kiko juu. Akasita. Kisha akamwita dada yake, na sidhani alijua ni maneno ya nani yaliyomtoka.

"Ben, niongeze kijiko?"

Hansa aliacha kamba katikati ya pima. Alimtazama kaka yake, akatabasamu.

"Ongeza tu, Kirit," akasema. "Nusu ni yako."