Samaki wa Dalian Hawaamki Alfajiri

Simu ya Faudhia kutoka Dalian, bandari ya Kichina ya kaskazini, ilimkuta baba yake, Mzee Jaffari, mkahawani katika mtaa wa Huanshi Zhonglu, kusini mwa nchi hiyo hiyo, akiwasimulia wafanyabiashara wa Nairobi habari za bahari ya kaskazini. Huko aliwapikia mabaharia miaka kumi, na mtu akitema mate, eti yaliganda kabla ya kufika chini.

“Baba, tumetupa ndoana tangu alfajiri kama kwetu Tanga, hatujapata hata dagaa! Shindano la wanafunzi la kuvua linakwisha saa kumi.”

“Mwanangu, huu ni Machi, barafu imeyeyuka juzi. Alfajiri samaki amekufa ganzi. Acheni kina, nendeni ghubani penye tope jeusi, jua limeshalipasha moto. Chambo kivute polepole, kama mgonjwa anayekwenda msalani.”

“Mzee, wacha zako!” Byron, mmoja wa wafanyabiashara hao, alicheka mpaka chai ikampalia. “Samaki analala mpaka mchana?”

Jaffari alikata simu, akaitazama saa. Uongo wake haukuwahi kumtoa jasho, lakini huu ulikuwa ukweli, na binti yake alikuwa ameuamini.

Saa kumi kasorobo Faudhia alipiga tena, kwa video. Glavu zilimlowa, na mikononi alikumbatia samaki bapa, mpana kama sinia. “Wa tatu huyu! Tumewapiga, Baba!”

Jaffari aliipitisha simu meza kwa meza, akaipeleka hata jikoni kwa wapishi. Aliporudi, Byron alimvutia kiti.

“Haya, Mzee, nimekubali. Kumbe samaki unawajua.”

“Huyo mdogo,” alisema Jaffari, akikaa kama mfalme. “Wangu mimi ilibidi tumkatie tiketi ya abiria.”