Mama Rudia na Kengele ya Jokofu

Katika kampuni ile ya simu, mafundi wote waliopeleka vifaa vyao kupimwa walimjua mkuu wa maabara kwa jina moja tu: Mama Rudia. Hawakuthubutu kulitamka mbele yake, ila alilijua, na inasemekana lilimfurahisha. Ukimpelekea kifaa alikipima, akakunja uso, akasema, "Rudia." Watu wazima na ndevu zao walitoka pale wamenywea.

Fundi wetu alikwenda kwake kichwa kimemvimba. Alikuwa ametengeneza kengele ya jokofu la chanjo: kisanduku chenye betri yake, kinakaa juu ya jokofu, kipimajoto chake kikiwa ndani, na joto likipanda tu kinampigia muuguzi simu. Hakukitengeneza kutafuta sifa. Dada yake alikuwa muuguzi wa zahanati ya mbali. Mwaka uliopita umeme ulikatika Jumamosi na Jumapili nzima. Alipofungua jokofu Jumatatu alikuta chanjo zote zimeharibika, na nje akina mama wamepanga foleni na watoto mgongoni. Fundi akamwahidi kwamba halitatokea tena.

Kibali cha mamlaka ya mawasiliano alikuwa nacho. Moduli ya simu, yaani kile kidude cha ndani kinachoshika mtandao, aliinunua ikiwa na vyeti vyake. Kwa mawazo yake, kilichobaki ni kampuni kugonga muhuri, laini ziwashwe, dada apate kengele kabla ya mvua, maana mvua zikianza umeme nao huanza vituko. Hayo yote alimweleza Mama Rudia, bila kuruka hata foleni ya akina mama.

"Pole kwa dada yako," alisema Mama Rudia. "Moduli imepita, sina ugomvi nayo. Mimi napima kisanduku chako. Mtandao ukipotea, kinafanya nini?"

"Kinajaribu tena, mama. Papo hapo! Hakikati tamaa hata kidogo."

"Ahaa. Kesho niletee vyote ulivyonavyo."

Kesho yake alirudi na boksi zima la visanduku, akinung'unika njia nzima kwamba mama huyu ana roho mbaya. Mama Rudia alimwingiza katika chumba chenye kuta za chuma, kisichopitisha mtandao wa nje. Ndani mlikuwa na mnara mdogo wa majaribio juu ya meza, umeunganishwa kwa waya na mtandao wa kampuni. Aliviwasha visanduku vyote, akauzima mnara, akauwasha tena, kama inavyotokea umeme ukirudi. Kisha akampa fundi simu ya kawaida.

"Mpigie dada yako."

Akapiga. Haikuita. Akapiga tena. Wapi! Kwenye kioo cha kompyuta aliviona visanduku vyake vyote vikiuvamia mnara kwa pamoja, vikikataliwa, vikirudi palepale bila kupumua. Hakuna kilichoingia, na simu yake pia haikuingia.

"Hivyo ni vya boksi moja," alisema Mama Rudia. "Vikijaa wilaya nzima, siku mnara umezimika na kuwaka, mjamzito anaita gari la wagonjwa. Atampata nani?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Kile alichojivunia ndicho kilichofunga njia. Lakini katikati ya aibu ile alimtazama mwanamke huyu kwa macho mapya: alikuwa anamhangaikia mgonjwa ambaye hata hajaugua bado.

"Rudia," alisema Mama Rudia, safari hii kwa upole, akavuta kiti. "Ukibisha hodi usijibiwe, unaubamiza mlango? Unangoja. Sasa, kila kisanduku kingoje muda wake, tofauti na mwenzake. Kikikataliwa, kingoje zaidi. Chenye jokofu la moto kipewe njia kwanza." Akakaa naye mpaka akaelewa.

Dada aliposikia alikuja juu. "Mvua hizo zinaanza, wewe bado unapimwa? Huyo mama ana utu kweli?"

"Mwache, dada," fundi alisema, akajishangaa mwenyewe. "Laiti ungemwona kazini."

Aliporudi maabara, mvua zilikuwa zimeshika kasi. Mnara ukazimwa, ukawashwa. Visanduku vikaingia kimoja kimoja, kwa adabu. Mama Rudia akachukua kipimajoto cha kimojawapo, akakitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai, huku fundi akipiga simu na kuiweka kwenye spika. Iliita mara moja.

"Niambie haraka, nina wagonjwa," alisema dada. "Ngoja, kuna simu nyingine inaingia." Akaipokea. Kisha: "Eti joto la jokofu limepanda. Jokofu gani? Langu nimeliegemea hapa, ni baridi!"

"La kwetu hapa, la majaribio. Ndiyo kengele yako, dada. Imepita."

"Hata mtandao ukisumbua?"

"Hata ukisumbua."

Sauti ya dada sasa ilikuwa imechoka. "Basi ileteni, mdogo wangu. Tangu mvua zianze nalala sakafuni hapa, karibu na jokofu. Wanangu nawaona mchana tu."

Fundi hakuwa amelijua hilo. Mama Rudia alikivuta kibali cha kampuni, akakisaini akiwa amesimama, akaenda mwenyewe kumtafuta dereva.