Mstari Mmoja, Watu Wawili

Nerida Rudduck alikuwa katibu wa chama cha wapanda milima cha mji wa Burnie kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna kosa alilolichukia kama kuchezea kitabu. Mwanzoni mwa njia kuna kibanda kidogo cha mbao, na ndani yake kitabu. Ukipanda unaandika jina, ukirudi unatia saini, ijulikane kwamba juu hakubaki mtu. Wapo waliosahau kusaini, wakaenda zao nyumbani kuoga maji ya moto, huku askari wa hifadhi wakihangaika kuwatafuta vichakani. Hao Nerida aliwashukia kama mwewe mbele ya wanachama wote. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mzima na ndevu zake, Nerida alimliza.

Jumamosi ile ya mwisho wa Aprili walikuwa wawili tu, yeye na mumewe Clem. Walitoka nyumbani alfajiri kwa gari, wakaliegesha kwenye kituo cha wageni, wakapanda basi la hifadhi lililojaa wageni na makoti yao mapya, na kwenye kitabu Nerida akaandika kama alivyoandika siku zote, mstari mmoja wa wote wawili: Nerida na Clem Rudduck, watu wawili, kileleni na kurudi. Clem hakuwahi kukigusa kitabu hicho. Alikuwa akisema ameoa katibu, ya nini kujichosha.

Waligombana saa sita mchana, kwenye kibanda cha kupumzikia chini ya miamba ya mwisho. Wingu lilikuwa limeshashuka.

"Tunarudi," Nerida alisema. "Na goti lako hilo, na mawe yamelowa."

"Goti ni langu. Na kilele kile pale."

"Kiko wapi? Mimi naona ukungu tu."

"Wewe bibie huoni kitu mpaka kwanza kipigiwe kura."

"Ahaa! Mzee mzima, miaka sitini na nane, unataka kumringia nani? Kuna msichana anakungoja kule juu?"

"Angekuwepo, angalau angenyamaza."

Wageni waliokuwa wakila sandwichi zao wakageuza nyuso pembeni, mmoja akificha kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma Nerida kuliko maneno ya mumewe.

"Nenda basi," akasema. "Nenda kafie huko."

Clem akaivuta kofia yake mpaka masikioni, akaenda. Yalikuwa maneno tu. Mara ngapi amemwambia akafie baa, akafie baharini na kile kiboti chake kibovu, na kila mara alirudi na njaa.

Nerida alishuka na hasira zake. Mvua ilimkuta njiani, ikageuka chembe za barafu zinazochoma masikio. Saa tisa kasoro robo alikifikia kitabu, vidole vimekufa ganzi, na basi linanguruma, dereva akimpigia honi. Akautafuta mstari wao, akaandika saa, akatia saini. Mkono ulifanya ulichozoea. Akarukia basi.

Kufika saa kumi alikuwa kwenye kituo cha wageni, chai ya pili imepoa mezani, na mabasi mawili yalikuwa yameshateremsha watu bila Clem. Akaenda kaunta. Askari wa zamu, binti mwenye nywele fupi aitwaye Tamsin, akampigia simu ya upepo mwenzake aliyekuwa mwanzoni mwa njia. Akasikiliza, akatabasamu.

"Mama, ondoa wasiwasi. Kitabu kinasema mmetoka wote wawili. Saa tisa kasoro robo."

Alijua palepale alichokifanya. Yalitakiwa maneno matano tu: nilimsainia mimi, bado yuko juu. Lakini nyuma yake kulikuwa na foleni, na katika foleni alikuwemo Moira Tattersall, katibu wa chama cha Devonport, anampungia mkono.

Tamsin akainama, akaishusha sauti. "Mligombana?"

"Kidogo."

"Basi. Wanaume wakinuna hukimbilia hotelini hapa jirani, pale baa kuna moto. Kamwangalie. Ukimkosa urudi haraka, sawa mama?"

"Labda," alisema Nerida. "Labda yuko huko."

Hakuna wa kumtetea hapa. Alikwenda kweli hotelini. Alichungulia baa, akachungulia sebule, akasimama mlangoni mwa choo cha wanaume akiita jina. Alimweleza mhudumu sura ya mumewe kwa kirefu, koti la kijani, kovu kidevuni, kama mtu anayeamini anachokisema. Alikwenda kwenye gari lao, kisha kwenye maegesho ya pili ambako hawakuwahi kuegesha. Alijiambia huenda Clem ameshukia njia nyingine na kupanda basi jingine. Kila alipokwenda alijua hayupo. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa na nguvu kuliko miguu yake. Nje barafu ilikuwa imegeuka theluji.

Saa kumi na moja na robo alirudi kaunta. Foleni ilikuwa imekwisha, Moira ameondoka. Ndipo maneno matano yakamtoka.

Tamsin hakumkaripia. Alitazama saa ya ukutani, akashika simu, na dakika chache baadaye watu sita waliondoka na machela kuelekea mlimani. Nerida alikaa kwenye benchi karibu na kaunta. Mtu alimfunika blanketi. Hakuomba chai na hakuikataa.

Ilipofika saa moja na dakika kumi simu ya upepo ikakoroma. Tamsin alisikiliza akiwa amewapa mgongo watu, kisha akaizunguka kaunta, akachuchumaa mbele ya benchi na kuishika mikono ya Nerida.

"Mama, wamempata. Aliteleza, akavunjika mguu, akajikokota mpaka karibu na njia. Amefariki, mama. Pole sana."

Nerida aliinamia mikono ile.

"Lakini nisikilize," Tamsin aliendelea, na machozi yalikuwa yakimtoka yeye. "Hakulala huko peke yake muda mrefu, usije ukafikiri hivyo. Wamemkuta kifuani bado ana joto. Ndiyo kwanza ametutoka."

Binti wa watu alitaka kumfariji. Nerida aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akairudisha nyuma kichwani mwake kwa ile saa moja na robo aliyoipoteza kwa aibu, na Clem akawa hai.