Mikono Iliyonawa

Saa moja asubuhi, Jumatatu, kipimajoto cha mtoto wa Joséline kilisoma nyuzi thelathini na tisa. Alikuwa wa nne kuugua katika wodi ya watoto wachanga. Bakteria waliokutwa kwenye damu ya wenzake walikuwa sugu kwa dawa zote za kawaida. Ilibaki sindano ya aina moja tu.

Joséline alishakusanya nguo zake kwenye mfuko. "Sista, narudi nyumbani Kasokola. Hapa nyie mnatibu ugonjwa au mnaugawa?"

"Na sindano atamchoma nani huko, jogoo?" alisema Dorika, muuguzi msimamizi wa wodi. "Kaa, mama. Acha kwanza nijue ugonjwa unatokea wapi."

Joséline alikaa, lakini mfuko ulibaki mapajani.

Vitanda vilikuwa vimefutwa kwa klorini, maji ya bomba yamepimwa, wageni wamezuiwa. Wauguzi walinawa mpaka vidole vikachubuka, na bado watoto waliugua.

Mchana Leodgar wa maabara akaja na vijiti vya pamba. "Nyoosha mkono. Nakupima kabla ya kunawa na baada."

"Baada? Unamtafutia uchafu mtu aliyetoka kuoga?"

"Nimeshautafuta kwingine kote, sista."

Jumatano alirudi na visahani viwili vya kuoteshea bakteria. Cha mkono ambao haukunawa kilikuwa karibu kitupu. Cha mkono ulionawa kilijaa madoa ya utelezi, bakteria walewale.

Dorika aligeuka kutazama chupa ya sabuni ya maji pale kwenye sinki. Sabuni haikuwa na ubaya ilipoletwa. Lakini kila ilipokaribia kwisha, mwenye zamu aliizidishia maji, kama mchuzi wageni wanapoongezeka, kisha akamimina nyingine juu yake. Alifanya hivyo kila mtu, Dorika naye. Chupa ile haikuwahi kuoshwa wala kukauka.

"Chukua hiyo," alimwambia Leodgar. "Na za wodi nzima."

Jioni ileile kila sinki lilipata kipande cha sabuni ndani ya wavu, kikining'inia ili kikauke, na kila kitanda kikapata kitakasa mikono. Ijumaa majibu ya chupa yalitoka: humo ndimo bakteria walimozaliana.

Hakuugua mtoto mwingine. Wale watatu waliruhusiwa mmoja mmoja. Wa Joséline joto lilishuka, kisha akaanza kulilia ziwa kwa sauti ya kuamsha wodi.

"Sasa huyu ndiye wa kwetu," Joséline alisema. "Kelele tupu."

Alasiri moja Leodgar alisimama mlangoni na karatasi. "Damu ya mtoto haijaotesha bakteria hata mmoja, sista."

Dorika aliisoma mara mbili, akampa Joséline. Joséline akaenda kwenye sinki, akanawa taratibu, akamnyanyua mwanawe. Kisha akafungua mfuko, akatoa kanga, akambeba mgongoni.