Mtu Ndani ya Maji Matupu

Kijiko kiligonga kikombe mara moja, kisha kikanyamaza. Nje bado giza. Mjukuu wangu hukoroga chai yake taratibu alfajiri asije akaniamsha, na sijawahi kumwambia kwamba wakati huo huwa nimeshaamka.

Siku hiyo alinikuta sebuleni, koti lake jeupe la maabara mapajani mwangu, nikilamba ncha ya uzi ili uingie kwenye sindano.

"Bibi, acha hilo. Halitakiwi hata kutoka kazini."

"Na mbona limetoka?"

"Nilitoka nalo kwa hasira. Mkono umechanika, nimeomba jipya, naambiwa ningoje."

"Basi tulia, mke mwenzangu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Akacheka. Nikashona ule mkono pale kwenye kifundo, nikakata uzi kwa meno, akavaa akaenda.

Kazi yao ni kuwatambua marehemu ambao sura zao hazitambuliki. Huchukua vinasaba, wakavitia rangi, wakavipitisha kwa umeme ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama unywele. Vipande vidogo hutangulia, vikubwa hufuata. Mwisho wa mrija kuna mwanga wa leza. Kila kipande kikipita mbele yake kinawaka, na kompyuta inachora kilele. Mpangilio wa vile vilele ndio mtu mwenyewe.

Kila mara wanaweka pia kichupa cha maji matupu. Hicho hakitakiwi kuonyesha kitu. Kikionyesha, basi uchafu umeingia, na majibu yote ya siku hiyo hayaaminiki.

Maji yao yakaanza kuonyesha mwanamke.

Alama za vinasaba za wafanyakazi wote wanazo, na hakuwa yeyote kati yao. Ila alifanana na mjukuu wangu kwa namna ambayo damu tu hufananisha. Mkuu wao, ambaye wenzake humwita Bi Kanuni, akamwambia mbele ya watu kwamba anaingiza jamaa zake maabara. Mjukuu wangu akarudi nyumbani, akaniambia nimeitwa.

Tulipofika, ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa watu wanaosubiri maiti zao. Mwanamume mmoja alinipisha kiti chake bila kunijua. Sikuweza kukikalia.

Bi Kanuni hakuitikia salamu yangu. Alivaa glovu, akanisugua ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, kisha tukangoja saa nyingi kwenye chumba chenye baridi. Mjukuu wangu alikaa upande wa pili, akanipa kisogo. Hata hivyo sweta lake alikuwa amelitupa kwenye magoti yangu.

Bi Kanuni alirudi, akageuza kompyuta ili nami nione. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Kilele kwa kilele.

"Huu umetoka shavuni mwako, mama. Huu umetoka kwenye maji. Maji hayana bibi. Umeingiaje humu?"

"Mlango wenu huu sijawahi kuupita kabla ya leo."

"Mate yako yamepita."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anautazama mkono wa koti lake, pale penye mshono.

"Nililamba uzi," nikasema. "Nilikuwa namshonea."

"Ulishona nyumbani?" Bi Kanuni alimgeukia yeye, si mimi. "Ukalirudisha humu, ukainama nalo juu ya vichupa?"

"Niliomba jipya."

"Uliomba. Wale walioko mapokezi nao wanaomba. Nenda ukawaambie tunaanza upya kwa sababu ulikosa koti."

Mjukuu wangu akalivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Bi Kanuni akamwambia asirudi tena.

Njiani nilimshika mkono, akautoa.

"Pole, mke mwenzangu."

"Usiniite hivyo. Umeziba ufa, bibi. Ukuta ndio umeniangukia mimi."

"Sikujua."

"Wewe hujui, lakini mkono hautulii. Nilikwambia acha."

Ni kweli aliniambia.

Wiki ile akapata kibarua mji mwingine, kuuza dawa. Alifunga mizigo yake alfajiri, kwa kelele, milango ikipigwa, kijiko kikigonga kikombe apendavyo. Hakujali tena kama nimelala. Nilitoka nikasimama kizingitini. Kifungo kimoja cha blauzi yake kilining'inia kwa uzi mmoja tu. Akaona nimekiona, akanikazia macho. Nikaiweka mikono yangu nyuma.

"Gari linaniacha," akasema.

"Nenda, mama. Ila uje tena kunitazama. Hata ukija na hasira zako, uje nazo."