Nani Atapiga Kelele

Dada yangu ni fundi wa lugha ya kompyuta. Haitumii tu, yeye na wenzake ndio wanaoitunza, na kwa kufagia vilivyopitwa na wakati hawajambo. Mwaka ule walikuwa wameondoa milango ya zamani, ile ambayo programu zilipitia kuzungumza na mashine enzi ambazo kompyuta haikujua herufi za dunia nzima. Siku hizi kuna Yunikodi, mlango mmoja wa herufi zote.

"Na anayetumia ule wa zamani?" nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa kando ya kisanduku cha joto alimolala mwanangu, aliyezaliwa kabla ya wakati.

"Tunaondoa, halafu tunasikiliza nani atapiga kelele. Miezi yote hii, kimya."

"Kimya kingi kina mshindo, mama fagio."

Alicheka. Nesi naye, akikunja shuka, akasema leo wodi imetulia kweli. Tangu fundi wa hospitali aweke programu mpya asubuhi, kengele hazijalia kabisa. "Jana zilitupasua vichwa," alisema.

Dada aliacha kucheka. Aliinama kwenye skrini iliyokuwa juu ya mwanangu, akasoma mstari mdogo chini kabisa.

"Haya maneno niliyaandika mimi. 'Mlango huu umeondolewa.'"

"Maana yake nini?"

"Programu hii mpya inatumia lugha yetu. Kengele imebisha hodi kwenye mlango wa zamani, haikufunguliwa. Haiwezi kulia. Nesi! Mwangalie mtoto!"

Hofu iliyonishika siwezi kuisimulia vizuri hata leo. Mwanangu alikuwa ametulia, nami muda wote nilikuwa namshukuru Mungu kwa utulivu huo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, ikawa ya bluu.

Nesi alifungua kisanduku, akamsugua nyayo, akamsugua mgongo. Wapi! Akamwekea barakoa ndogo usoni, akaanza kuminya mfuko wa hewa. Dada alikimbia kitanda hadi kitanda akiita, "Waangalieni wote! Msiziamini mashine!"

Kisha mwanangu akakohoa, akalia. Kilio chembamba, cha hasira.

Dada alikisikia akiwa mwisho wa wodi. Aliketi sakafuni pale pale, akapiga simu kazini.

"Rudisheni ule mlango," alisema. "Kuna mtu amepiga kelele."

Mtu mwenyewe hakuwa ametimiza hata kilo mbili.