Viatu vya Lina

...na viatu havipo, jana jioni vilikuwa hapa hapa kwenye kizingiti, vile vyekundu vya mvua, Lina mwenyewe alivipanga na kuuliza kama Mtakatifu Nikolao anaijua njia ya Tukuyu, anaijua, mama yake, Anke, alimjibu, lala, kisha usingizi ukampitia yeye mwenyewe kabla hajatia kitu ndani, na sasa kumekucha, amesimama barazani na mfuko wa peremende mkononi kama mchuuzi aliyekosa gulio, mvua inamwagika, mlango wa chumba cha mtoto bado umefungwa, asiamke, Mungu wangu, asiamke kwanza... nani mtaa mzima wa Bulyaga aibe viatu vya mtoto wa miaka sita, kwao Ujerumani usiku wa Nikolao viatu vya watoto hulala mlangoni usiku kucha vikingoja ajaze peremende, hakuna anayevigusa, theluji imetanda, harufu ya mdalasini, lakini huku Desemba ni radi na maparachichi, baridi yenyewe huja Juni na ukungu wake, Juni ndipo mwili wake hudai Krismasi, akajikuta siku moja anaoka biskuti za nyota, Jens mumewe akacheka, Jens ambaye leo jioni anataka jibu, wabaki miaka miwili mingine au warudi, na yeye alishamwambia, Krismasi ikikaa kama Krismasi tutabaki, aliitupa kama utani, haukuwa utani...

"Mama Lina! Ugonile, umelalaje?" Ni Bibi Atupakisye, jirani, anaita kutoka jikoni kwake ng'ambo ya ua, "viatu viko huku kwangu! Nimeleta maziwa alfajiri nikavikuta vinanyeshewa, nikasema mwe, wamesahau, mtoto ataugua! Nimeviosha tope, nimevijaza majani makavu ya mgomba, viko karibu na moto!"

"Ndaga, asante, Bibi," anajibu kwa hasira, ndiyo, hasira, maana mcheza kwao hutunzwa na yeye hayuko kwao, hata kiatu mlangoni hakiachwi kikafanya kazi yake, nani kamwomba... kavijaza, kasema kavijaza, bibi wa watu kainama gizani na miguu yake mibovu, akavibeba, akaviosha, akavijaza, naye mama mtu alikuwa anakoroma, na huyo Nikolao wa hadithi za nyumbani alifanya nini zaidi ya hapo, alipita usiku akaona viatu vya mtoto wa mwenzake... Lina haikumbuki theluji, juzi alisema Krismasi inanuka mvua, Anke akaingia bafuni akalia, akidhani mtoto kaibiwa kitu, kumbe mtoto anayo Krismasi yake, nzima, ina ngurumo na moshi wa jikoni kwa Bibi, aliyepungukiwa ni mama peke yake, lo, na jinsi alivyomwonea huruma mtoto asiyeihitaji... sasa hizi peremende atazitia wapi, majani yale asiyatoe, azichomeke humo humo katikati ya majani, na biskuti ampelekee Bibi, na mwakani amweleze mapema, Bibi, usiku ule ukiona viatu, mwakani amwambie na yeye aweke vyake mlangoni... mwakani, kasema mwakani, mara mbili, na hakuna aliyemuuliza.

Mvua haijapungua, mfuko bado uko mkononi, na nyuma yake kitasa kinalia.

"Mama, amekuja?"

"Amekuja," anasema Anke. "Vaa koti, twende kwa Bibi."